Panzi wa Kahawia

Jumatatu, 3 Machi 2025

Hatimaye! Daktari Wepukhulu, msimamizi wangu, amesaini mpango wa utafiti wangu. Panzi wa kijani na wa kahawia, wote wa kwenye kompyuta, ndani ya nyasi kavu. Ndege anakula anayeonekana. Swali: kahawia wakiongezeka, ni uchaguzi wa asili ama bahati tu? Nimeandika mapema nitatumia kipimo gani cha takwimu, na nikipata nini nitakubali ni bahati. Kabla ya kuona chochote. Si ndiyo maana ya kupanga? Daktari akasema niko makini kupita kiasi. Nikaichukua kama sifa.

Jumatano, 12 Machi

Bahati tu. Kahawia wameongezeka, lakini hata nikimtoa ndege kabisa, bahati peke yake inawafikisha hapo mara nyingi mno. Nimelia kidogo. Lakini jibu ni jibu.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa Daktari, jibu si jibu. Anataka nifute simulesheni zote, yale majaribio ya kompyuta, ambamo kahawia waliisha mapema — eti zimeharibika. Hazijaharibika! Panzi walikufa tu. Halafu nitafute kipimo kingine, chenye kitakubali. Nani atajua?

Munene tunashiriki meza maabara. Yeye alifuta zake, sasa ameitwa Nairobi kuwasilisha matokeo yake. Leo ananionea huruma. Huruma ya Munene!

Nimemwambia Mama akimenya viazi. "Waiyego, sema vile anataka umalize. Yako utasema ukishakuwa daktari." Hata yeye.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kutetea utafiti wangu. Nimefungua slaidi mbele ya watu — si zangu! Daktari amezibadilisha asubuhi. Grafu safi, kahawia wanapaa, jina langu juu yake. Na nikasoma. Ndiyo, nilisoma zote. Sauti haikutetemeka hata.

Profesa Jerop, mtahini kutoka nje, akauliza: hiki kipimo ulikichagua kabla ya kuona matokeo ama baada?

Wepukhulu akawahi. "Kabla, Prof. Mpango nilisaini mwenyewe."

Alisaini, kweli. Mpango mwingine!

Profesa hakumwangalia. "Nimemuuliza yeye." Halafu akasema tunywe chai kwanza, nikirudi nijibu.

Niko kwa korido. Chai imepoa mkononi. Munene amepita akanifinya bega — usijiharibie.

Mlango umefunguka. Wepukhulu huyo, anatabasamu. "Karibu ndani, Waiyego."

Tangu nianze masomo hapa ananiita "wewe msichana". Kumbe jina langu alikuwa analijua.

Wananingoja. Nasimama —