Nyuki Wenye Kiu

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekagua mizinga kabla jua halijachoma. Miwili kati ya saba ni mitupu. Masega yamejaa viwavi, hakuna hata nyuki mmoja. Si ugonjwa. Ni njaa.

Migunga ilidanganywa. Mvua ya siku tatu ilinyesha Agosti, wakati si wake, miti ikachanua yote kwa pamoja. Halafu jua. Maua yakakauka kama karatasi kabla nyuki hawajashiba. Sasa ni Oktoba, msimu wenyewe, na migunga haina kitu.

Nilifundisha darasa la nne miaka mingi hapa Nuu. Ubaoni niliandika: mvua ya vuli huanza katikati ya Oktoba. Watoto walinakili. Leo najiona mwongo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku mbaya.

Nyuki wangu wamevamia bomba la kisima. Pale ndipo penye tone la mwisho la maji kijijini. Foleni ilikuwa ndefu, mtu akawapunga kwa kanga, wakachafuka. Watu walikimbia. Punda wa Kalekye alikuwa amefungwa kwenye mkokoteni, mitungi imejaa. Hakuweza kukimbia. Kalekye alirudi kumfungua, wakamuuma uso mzima. Punda amekufa saa nane.

Kalekye ni jirani yangu. Punda huyo ndiye aliyekuwa miguu yake.

Sijala.

Ijumaa, 18 Oktoba

Baraza kwa naibu wa chifu. Alikuwepo pia afisa wa kaunti, yule aliyetuletea semina ya mabadiliko ya tabianchi mwezi uliopita. Akarudia yaleyale: wananchi mpunguze kukata miti, mzoee hali mpya. Alikuja na gari lenye kiyoyozi, injini ikanguruma nje muda wote wa hotuba. Sisi tunaopikia kuni tatu ndio tumeharibu mbingu?

Halafu wakaamua mizinga yangu ichomwe kufikia Jumapili jioni. Wa kwanza kuinua mkono ni shemeji yangu Mutua, ndugu wa marehemu mume wangu.

Nikasimama. "Hawakuja kuuma mtu. Walikuja kunywa."

Watu wakacheka. Mutua akasema, "Mwalimu, chagua. Nyuki ama watu."

Kana kwamba mbaazi zake huzaa zenyewe! Kana kwamba nyuki wakiisha watu watabaki!

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilienda kwa Kalekye. Nilikuwa nimekataa kwenda, nikaona aibu, nikaenda. Jicho moja limefungwa kabisa. Nilimwambia achukue punda wangu, awe wake. Hakunishukuru. Sikutaka anishukuru.

 Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nimepanga foleni tangu asubuhi. Kama mtu angenifukuza pale kwa bomba, hata mimi ningemuuma."

Nililia mbele yake kama mtoto.

Kaka yake ana shamba kilimani, mbali na nyumba, ambapo migunga michache bado ina kijani. Kalekye akasema niwapeleke nyuki huko kabla Mutua hajaja kuchoma mizinga.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikuenda kanisani. Mutua alitoka kanisani na kuja moja kwa moja, mafuta ya taa mkononi. Nikasimama mbele ya mizinga. Nilimwambia achome, aanze na mimi. Alikasirika sana. Alipoona nimekwisha kuziba milango ya mizinga kwa nyasi na kuifunga kamba, akauliza nyuki wanaenda wapi. Nikamwambia: kilimani, mbali na watu. Akaweka mafuta chini, akashika upande mmoja wa mzinga. Tukaipakia yote kwenye mkokoteni wa Kalekye.

Magurudumu yaliruka mawe, joto likazidi. Mzinga mmoja masega yaliporomoka, nyuki wakazama katika asali yao wenyewe. Mizinga minne imefika.

Namchukia Mutua kidogo tu leo.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua imekuja. Alasiri moja, yote kwa mara moja, kama imetupwa. Imechukua udongo wa juu, imechukua maharagwe niliyopanda ardhi ikiwa bado kavu, ikaenda zake mtoni. Leo jua kali tena, ardhi ina ganda gumu. Watu wanaimba sifa. Mimi nimenuna. Hii si mvua, ni matusi.

Ijumaa, 22 Novemba

Imebaki mizinga mitatu. Nyuki wa mmoja wamehama, sijui walikoenda.

Dimbwi la kilimani limekauka, kwa hiyo kila baada ya siku mbili nawapandishia nyuki maji. Leo Kalekye alikuja na punda. Hakusema anakuja, nilimkuta tu njiani. Jicho limepona. Niliweka vijiti ndani ya beseni wasizame, akamimina taratibu, uso ameufunga kwa leso.

Walishuka mmoja mmoja. Tulirudi nyuma hatua chache, tukangoja wanywe.