Kalahari Mpya ya Zahanati

Kihonda,
Morogoro.
11 Mei 2025

Mpendwa kaka Abel,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba baridi ya huko imeanza kulegea. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu, ingawa mioyo haijatulia. Nimechelewa kukujibu, na sababu utaiona.

Uliniuliza watu wa kijijini wanasemaje kuhusu Kalahari mpya, lile gari la zahanati, hasa Baba, aliyeendesha ile ya zamani miaka ishirini na miwili.

Wafadhili walilileta gari Februari. Vijana walilipenda palepale: lina kiyoyozi, viti laini, kioo cha ramani. Wazee walinung'unika kidogo, maana ile ya zamani ilikuwa na mabenchi, watu tisa wanatazamana na mikungu ya ndizi juu. Mimi niliona limefanana na magari ya maofisa wa huku mjini. Lakini jina lilikuwa lilelile, kwa herufi zilezile.

Baba siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi. Alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye jina kule nyuma, machozi yakamtoka mbele za watu. Kisha akapiga magoti, akapima kwa kiganja kutoka ardhini hadi tumboni mwa gari. Nilikuwa karibu, nikaona uso wake ukibadilika. Athanas, dereva mpya, akamuuliza, "Mzee Fransisko, unasemaje?"

Baba akainuka, akajipangusa magoti. "Limerudi nyumbani," akasema. Watu wakapiga makofi.

Kaka, sasa nakuja kwenye lililoniumiza. Jumatano baada ya Pasaka mdogo wetu Pendo alishikwa na uchungu asubuhi. Nilikuwa nimepanda kijijini kwa sikukuu. Nesi Upendo akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali mjini upesi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Elia, mume wa Pendo, alitaka wambebe kwa machela kwa njia ya mkato mpaka barabara ya chini, wapate gari jingine huko. Ni mwendo wa saa moja na nusu. Akamgeukia Baba.

"Baba, tumbebe au apande gari?"

Baba akaligeukia gari. "Apande. Kalahari haijawahi kutuangusha."

Hatukufika mbali. Kwenye kona ya mtoni tope la katikati ya barabara lilikuwa limeinuka kama tuta. Gari likakalia tumbo, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Athanas alijaribu kila njia, yeye simlaumu. Tulichimba kwa majembe na kwa mikono mpaka saa nane mchana, Pendo akilia mle ndani kwenye viti laini. Ndipo wanaume wakambeba.

Tulikuwa tumechelewa. Alijifungulia njiani, barazani kwa watu tusiowajua. Mtoto wa kiume. Hakulia, alivuta pumzi chache tu. Nesi akaomba maji kwenye kikombe ambatize, akauliza jina. Pendo akasema, "Abel."

Nisamehe kukuandikia hivi. Tulimzika kesho yake kando ya Mama, Pendo akiwa amefikishwa hospitalini.

Sasa watu wanalitukana gari. Mimi naona gari halina kosa, ni la kwenye lami. Lakini aliyelibandika jina lile hakujua huku kwetu jina hilo lilibeba kina mama wangapi. Tuliliamini kabla halijapanda hata mlima mmoja.

Baba amekonda. Wiki iliyopita, nikiwa bado kijijini, aliniita uani. "Niliona, Magreth. Niliweka mkono nikaona liko chini mno, halifai huku. Nikaona haya kusema, na furaha ilikuwa imenijaa." Akaniagiza nikuandikie yote, usifichwe.

Pendo aliruhusiwa, akarudi kijijini Alhamisi. Aliingia kwa Baba na sahani ya ugali na mboga, akaiweka mbele yake. Baba hakuweza kumtazama. Pendo akamwambia, "Baba, kukusamehe bado sijaweza. Lakini nimekupikia. Kula." Baba akala huku analia, na Pendo akakaa naye hadi sahani ikaisha. Hapo ndipo tulipofika.

Mpigie simu Baba. Usimwambie hana kosa, hatakuamini. Ongea naye tu.

Mjomba Emmanuel na shangazi Regina wanakusalimu sana. Elia naye anakusalimu. Nibusie watoto, na wifi umwambie nimepokea vitenge.

Pendo anaomba ukipata picha yako ya uchangani umtumie. Anataka kuona mtoto angekuja kufanana na nani.

Mungu akushike mkono huko uliko, atujalie siku ya kukaa sote chini ya paa moja.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Magreth