Maji Aliyotumwa Mahat

Kisiwa cha Kiwayu,
14 Januari 2025

Kwa mke mwenzangu Abiba,

Salaam aleikum, wewe na ngamia wote saba. Mimi niko mzima, isipokuwa midomo imekauka kwa chumvi na magoti bado yanalalamika juu ya ile safari. Wewe je? Kile kifua kimepoa? Unakunywa dawa ama unaitazama tu?

Usishangae kuona barua. Mwanao Mahat alitaka nikutumie sauti kwa simu, nikamwambia Abiba hataki mambo ya simu, na wewe utaninyang'anya katikati ya maneno. Kwa hivyo naandika kwa daftari vile mwalimu wa ngumbaru alitufundisha. Yeye anapiga picha, anamtumia Adan wa duka hapo Kulamawe, na Adan atakusomea. Ukijibu, fanya hivyo hivyo. Lakini usilie mbele ya Adan, huyo ana mdomo.

Nauli ilikuwa yako, na wewe ndiye uliikataa, kwa hivyo sitaki kusikia kelele. Mtoto alisema, "Mama aje aone." Mama mmoja amekuja. Mimi pia nilimbeba mgongoni.

Sasa nikwambie. Unakumbuka ile siku mto Ewaso Nyiro ulifurika, tukasimama mbali tumeshika watoto na tukasema hakuna maji mengine yamebaki duniani? Abiba, ile ilikuwa mate. Hapa nimetoka kwa boti, nikageuka kutafuta ng'ambo ya pili, hakuna. Nikageuka upande mwingine, visiwa, kimoja nyuma ya kingine, na maji katikati yao ya rangi ambayo hata kwa leso sijawahi kuona. Nilikaa chini kwa mchanga na viatu vyangu mkononi.

Aibu niliyoifanya ni ya asubuhi ya pili. Nimeamka alfajiri nitie udhu, nikaenda pale maji yalikuwa jana. Hayapo! Mchanga mtupu, boti zimelala ubavu, kaa wadogo wanakimbia kwa tope. Wallahi, ukame naujua nikiuona. Nikakimbia hadi kambi ya watalii anapofanya kazi Mahat, nikipiga kelele, "Amkeni, maji yameisha! Leteni mitungi!" Wageni wakatoka na nguo za kulala. Mzungu mmoja alibeba chupa yake, maskini, tayari kwenda.

Mahat ndiye alinishika mabega. "Mama Mkubwa, yameenda tu. Hapa maji yanaenda na yanarudi, kila siku. Ngoja mpaka karibu saa sita." Nikasema sitoki hapa mpaka nione. Nikakaa. Na yakarudi, Abiba. Polepole, bila mvua, bila injini, bila mtu kuyaita. Yalinifikia vidole, nikalia kama mtoto.

Siku ya kufika alinipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa nimbariki, halafu akaangalia nyuma yangu. Nilijua anamtafuta nani. Nikamwambia hukuja kwa sababu ngamia mmoja ni mgonjwa. Uongo huo uko shingoni mwako.

Ni miaka miwili na zaidi tangu umwambie asikanyage boma mpaka aje na maji. Amekonda kidogo lakini ana mabega.

Mimi mke mwenzako,
Sabdio


Kulamawe,
21 Januari 2025

Kwa mke mwenzangu Sabdio,

Waaleikum salaam. Kifua ni kizima. Dawa nilimpa Natabo wa jirani, yeye anakohoa kuliko mimi.

Hakuna ngamia mgonjwa hapa, kwa hivyo tafadhali usiwatabirie. Yule mweusi amezaa. Ni jike. Maziwa ni mengi, Makandi wa stendi ya Isiolo anachukua yote na bado anaomba. Nyasi imeanza kuisha upande wa chini lakini tutafika.

Habari ya maji kuisha niliisoma dukani na Adan akaisoma kwa sauti mara ya pili. Sasa mji mzima wakikutana asubuhi wanaulizana kama maji yamerudi. Ukirudi jifunike uso.

Maji yanayoenda yenyewe na kurudi yenyewe, hiyo siamini. Maji nimeyachimba na mikono hii. Nimeyapandisha ndoo kwa ndoo kisimani. Sijawahi kuona yakirudi kwa mtu ambaye amekaa tu.

Nimesikia pia huko watu wanakula samaki. Natumai wewe hukula kitu chenye macho pembeni.

Ni hayo tu.

Mwenzio,
Abiba

Anakula vizuri?


Kiwayu,
28 Januari 2025

Kwa Abiba, mdogo wangu katika boma la marehemu mume wetu Denge,

Salaam aleikum warahmatullah. Nimefurahi kuhusu yule jike. Mpe jina zuri, na usimpe langu kwa sababu ya hasira.

Samaki nimekula. Mara nne. Usimwambie mtu.

Ulikaa na lile swali la mwisho mpaka karatasi iishe. Anakula, ndiyo. Anaamka kabla ya jua, anaosha vile vimashua vyembamba vinaitwa kayaki, anavipanga kama ndama. Wageni wakija anawaongoza katikati ya miti ya mikoko, njia ya maji nyembamba kama uchochoro wa Kiwanjani pale Isiolo, na ndege weupe juu yao. Wengine wanasimama juu ya ubao na kishada kikubwa kinawavuta kwa upepo, wanaruka juu, wanaanguka, wanacheka, wanapanda tena. Watu wazima! Nikauliza wanaenda wapi. Mahat akasema hawaendi popote. Nikasema basi hii ni kazi ya watu ambao hawana mbuzi.

Lakini juzi aliniambia, "Mama Mkubwa, leo utatazama chini." Akanivalisha jaketi la kuelea juu ya dera langu, miwani ya kioo usoni, mrija mdomoni. Nilikuwa nimefanana na kitu ambacho watoto wangekitupia mawe. Akanishika mkono, akasema, "Weka uso tu, mimi niko." Nikasoma shahada na nikaweka uso.

Abiba. Abiba! Chini kuna nchi nyingine. Kuna vilima na mabonde na vichaka, na vichaka vyenyewe ni mawe yaliyo hai, ya zambarau, ya manjano. Samaki wanapita kwa makundi kama mbuzi wakitoka malishoni, na kila kundi linajua njia yake. Mmoja wa buluu alikuja mpaka kwa kioo akanitazama, na mimi nikamsalimia kwa mrija mdomoni. Nimeishi miaka sitini na moja na hii yote ilikuwa hapa. Ilikuwa hapa hata siku zile mlikuwa mnaburuta mizoga ya ng'ombe. Hiyo ndiyo imenishinda kabisa. Sijui nishukuru ama nikasirike.

Tukirudi nikaona nyayo kwa mchanga, pana kama za trekta ndogo ya wakulima wa Rapsu. Vijana wa kambi walidhani kasa amepanda tu akarudi. Nikawaambia hapana, tazameni, kuingia anavuta mzigo, kutoka amepungua. Amezaa hapa. Wakachimbua kidogo, mayai! Sasa wananiita Mama Nyayo, na wamezungushia vijiti. Mahat alicheka mpaka akashika magoti. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ng'ombe waanze kufa.

Jioni nikamuuliza wazi, kwa nini hurudi nyumbani hata kwa Idi? Akafunga kayaki ya mwisho kwa kamba. Halafu akasema, "Nilitumwa maji. Nimeyafikia mengi kuliko yote, na ng'ombe hawezi kunywa hata kikombe. Nitayabebaje?" Nikafikiri ni mzaha. Kumbe nyuma ya mlango wake amening'iniza kidumu cha njano, kile cha lita tano, kina alama ya Denge iliyochomwa kwa chuma, sawa na ya ngamia. Ndicho alichoondoka nacho siku ile. Hajawahi kutia kitu ndani. Anakipangusa vumbi.

Anataka kufungua saumu nyumbani Ramadhani hii. Inaanza mwanzo wa Machi. Mimi nilijaribu kumwambia njoo tu, mimi ndiye mkubwa bomani. Akasema kwa heshima, "Aliyefunga ndiye anafungua." Na kweli neno lililomfukuza ni lako, si langu. Siwezi kulitoa kwa niaba yako, wala kwa simu, wala kwa Adan.

Basi litoe. Nakuomba, mimi mkubwa wako.

Sabdio


Kiwayu,
10 Februari 2025

Kwa Abiba,

Salaam aleikum. Adan anasema uliisoma barua yangu mara tatu, ukaomba kiti, ukaenda bila kununua sukari. Hiyo ni siku kumi na tatu. Hata nzuri au mbaya hujasema.

Mahat haulizi. Lakini kila Adan akituma kitu, anakuja mbio na simu, kisha anaona ni salamu za watu wengine. Mimi nimechoka kuangalia uso wa mtoto ukianguka. Kama huna huruma naye, nihurumie mimi.

Jumamosi nitakuwa nyumbani, na nina maneno.

Sabdio


Kulamawe,
12 Februari 2025

Kwa dada yangu mkubwa Sabdio,

Waaleikum salaam. Naandikia nyumbani, si dukani. Adan atapiga picha bila kusoma, nimemwapisha kwa Kurani.

Wewe unafikiri nimeshika hasira. Watu wote wanafikiri hivyo, na mimi nimewaacha wafikiri, kwa sababu hasira ina heshima kidogo.

Wewe mwaka ule ulikuwa Kiwanjani na mguu uliovunjika, hukuona. Majuma matatu kabla ya ng'ombe kufa, Mahat alinijia akasema, "Ayyo, mama yangu, tuhame. Tushuke Rapsu, kule kwa wakulima mifereji bado ina maji. Nimeongea na mzee mmoja, Mbaabu, atatupa mahali." Nikamwambia Denge hakuwahi kusimama kwa shamba la mtu akiomba maji, na mjane wake hatasimama. Akaniomba tena. Mara tatu, Sabdio. Ya tatu alipiga magoti. Nikamwambia nyamaza, wewe ni mtoto.

Ng'ombe walipoanza kulala chini ndipo nikamtuma na punda wawili. Akatembea kisima cha kwanza, injini imeharibika. Cha pili, watu wamelinda na bunduki. Siku ya tano akarudi, vidumu vyote vikavu, miguu imepasuka, midomo ina damu. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wamelala wamekufa ndani ya boma. Aliwatazama, halafu akanitazama. Hakusema "nilikwambia." Angesema, ningempiga, tungelia, ingeisha. Na mimi sikuweza kuvumilia yale macho. Nikapiga kelele mbele ya majirani wote, "Nilikutuma maji! Usikanyage hapa mpaka uje na maji!"

Akafungua punda akawapa kivuli. Akatoa kidumu kimoja. Akaenda.

Ng'ombe wa Denge niliwaua mimi kwa kiburi, na nikamfukuza aliyejua. Hilo ndilo nimenyamaza nalo. Nauli sikuikataa kwa sababu simtaki. Ningemtazamaje?

Sasa umeniandikia habari ya kile kidumu, na tangu siku hiyo silali. Anakipangusa vumbi! Niambie la kufanya. Nimekuwa mtu mzima na sijui.

Mwenzio,
Abiba


Kiwayu,
13 Februari 2025

Abiba mdogo wangu,

Salaam aleikum. Yale niliyoandika kwa hasira, yafute.

Nitafika Jumamosi. Wewe usinipikie. Funga nguo mbili na ile chupa ya dawa, ukaichukue kwa Natabo. Ngamia nitawashika mimi, mguu wangu ulishapona. Jumapili asubuhi upande basi. Mahat sijamwambia, nimemwambia tu mgeni mwingine anakuja, amtayarishie miwani.

Dadako,
Sabdio


Kiwayu,
23 Februari 2025

Kwa dada yangu Sabdio,

Salaam aleikum, na wote wa boma. Huyo ndama ananyonya? Umekumbuka kumfungia mama yake kamba fupi?

Nimefika. Umeniandikia mengi na bado hukuniambia. Nilitoka kwa boti, nikaona, nikasema tu Allahu Akbar, nikarudia, nikarudia, mpaka nahodha akaniuliza kama ni mgonjwa.

Alikuwa ameinama, anakausha miwani ya yule mgeni wako. Akainua kichwa. Sabdio, nilikuwa nimepanga maneno tangu Isiolo. Njia yote nimeyarudia, na watu wa basi wakadhani nasali. Yote yalipotea. Nikasema, "Uliniambia tuhame. Ulisema kweli mara tatu." Hapo hapo, mbele ya wageni na vijana wote, kwa sababu lile la kwanza pia nililisema mbele ya watu. Nikasema ng'ombe niliwaua mimi.

Akasema, "Ayyo, yaliisha." Nikamwambia hayajaisha mpaka niyatoe. Nikamwekea mikono kichwani na nikalitoa lile neno lote, kwa Kiborana, vile mama yangu angelitoa, na nikamtemea mate ya baraka mpaka akacheka. Kisha tukalia sana. Nahodha naye alilia, hata hajui kwa nini.

Jana asubuhi aliniamsha tukakae ufukweni. Maji yalikuwa yameenda mbali kabisa. Nilijua, wewe ulishaniambia, na bado nilimshika mkono kwa nguvu. Tukangoja. Yaliporudi alinitazama mimi, si maji. Nasikitika kukwambia kwamba ulisema kweli. Pia nimeweka uso chini. Hiyo tutaongea tukiwa tumekaa, siiwezi kwa kalamu.

Kesho tunaondoka, sisi wawili. Amepewa ruhusa ya mwezi mzima. Tutafika Alhamisi kabla ya magharibi.

Kidumu amekijaza leo. Aliingia mpaka kiunoni, akakizamisha, akakifunga kwa mfuko wa nailoni kisimwagike. Vijana wa kambi wakamcheka, "Mahat, hayo hayanyweki!" Nikawaambia wanyamaze, hawajui ngamia. Ngamia wetu huu ni mwezi wa tatu wanatafuta chumvi. Tutayachanganya na maji ya kisima kwa birika la kunyweshea, wote saba walambe, na yule ndama aonje.

Kwa hivyo Alhamisi ondoa miiba kwa lango, uliache wazi. Nilimtuma mtoto maji, na anakuja nayo. Akiingia mpokee mzigo kama siku zote, na usimuulize mbona amechelewa.

Mwenzio,
Abiba