Kengele kutoka Dakar

Alhamisi, nyumbani

Ile kengele ndogo bado inalia kichwani mwangu. Kwenye mafunzo ya pamoja ya mradi wa vyuo vyetu, Ousmane wa Dakar alitufundisha kuiwekea kompyuta kengele, ilie kila mwenzako wa nchi nyingine anapokubishia hodi moja kwa moja. Kwa anwani za zamani za intaneti ni vigumu, kwani chuo chetu kizima tumejificha nyuma ya anwani moja. Kwa zile mpya, kompyuta yangu ina anwani yake yenyewe. Wa kwanza kubisha alikuwa yeye.

Mafunzo yaliisha, lakini aliendelea kubisha kila jioni. Tangu Jumatatu, nikiumwa nyumbani, simu inayoniletea mlio wa kengele hiyo ikawa kimya. Nilidhani amenichoka, na kwa kiburi changu sikumwandikia kuuliza.

Leo nimerudi kazini na nimejua. Nilipokuwa naumwa, chef, mkuu wangu wa kazi, alizima anwani mpya zote kwa sababu ya mashine moja ya kuchapa iliyogoma kufanya kazi nazo.

"Eh mama, zilikuwa zinatusumbua," alisema. "Ya zamani iko inatosha. Ao uko na muntu yako kule Dakar?"

Akacheka.

Mradi umenipa nafasi ya kwenda kufanya kazi naye huko mwaka mzima. Natamani mno. Nimekwisha kuiwaza meza yake karibu na yangu, sauti yake bila mashine katikati. Lakini nimeugua siku chache tu, na tayari… Nikikaa huko mwaka mzima, nani ataziwasha zikizimwa tena?

Niliziwasha anwani zote kabla ya kutoka kazini. Kisha nikamwandikia Ousmane kwamba siji, nikatuma kabla sijasoma mara ya pili.