Mkeka wa Khitma ya Mama

Shard End, Birmingham
9 Februari

Dada yangu Rehana,

Assalaamu alaikum. Vipi presha yako, na macho je, yale matone yamesaidia? Huku baridi inauma, lakini Muzamil kaniwashia hita nyumba nzima mpaka chooni. Watoto wapo wengi, dada, ila kama huyu wangu sijaona. Anatengeneza treni kule Tyseley, mafundi wa Kizungu wanamsikiliza, na akirudi ananivisha soksi, maana mie kuinama nimekatazwa.

Nyonga hii ya chuma inaendelea. Rupinder, yule dada wa Kipunjabi anayenifanyisha mazoezi, anasema nimeanza upya vizuri. Nalala chali naburura kisigino mpaka goti lipinde, mara kumi. Kisha nashika sinki la jikoni, nainua mguu pembeni. Ngazi ukipanda unatanguliza mguu mzima, ukishuka unatanguliza ule mgonjwa. Kasema katika wagonjwa wake wote mimi ndiye nisiyekosa hata siku moja. Nikamwambia ndivyo tulivyolelewa. Akaniuliza maumivu nayasikia kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Nikasema sifuri. Nilidhani atafurahi, akaniuliza tena.

Sasa dada, nimesikia ulimpigia Muzamil ukamgombeza, kwamba aliacha bafu limeloa mamaake akateleza, nyonga mpya ikachomoka. Akakujibu, ndiyo mama mkubwa, nisamehe. Halafu akaja kunikorogea uji.

Sikuteleza. Bafu lilikuwa kavu. Ni mimi niliyemwambia aseme vile.

Siku ya khitma ya mama, jirani yangu Asmahan alikuja na wanawake ishirini na kitu, tukatandika mikeka sebuleni. Muzamil kabla ya kwenda msikitini aliniwekea kile kiti changu kirefu, akaniapisha nisikae chini. Rupinder alishatuambia, goti lisipande juu ya nyonga. Nikakaa. Basi natazama, vichwa vyote viko chini yangu. Watu baki wamekaa mkekani kwa ajili ya mama yangu, na mimi bintiye niko juu kama nimekuja kuangalia mpira. Na sina chozi. Tangu ile simu yako ya msiba, ndani mwangu hamna kitu, ni kama wamenipiga ganzi wakasahau kuniamsha. Nikaona haya. Nikasema nikikaa chini walau nitafanana na mfiwa.

Nikateremka. Asmahan akaninyooshea juzuu, nikainama kuipokea, nyonga ikatoka. Nikapiga yowe. Wakanikumbatia, wakaambizana afadhali amelia, sasa roho itapoa. Mpaka mmoja wao akaona mguu umegeukia ndani.

Kilio cha khitmani ulichosimuliwa, ukaniombea dua kwacho, kilikuwa cha nyonga. Mama sijamlilia mpaka leo. Sijui kwa nini. Wewe uliyemuuguza pengine utanieleza.

Mpigie Muzamil, umtoe lawama. Kabeba uongo wangu wiki tatu na hajaninunia hata siku moja. Nilikwambia, kama huyu sijaona.

Nisalimie watoto na wote wa hapo nyumbani, na usiache kutia dawa ya macho. Rupinder anasema baada ya miezi mitatu huenda nikaruhusiwa kupanda ndege. Nikija tumsomee mama, mniwekee kiti. Nitakaa.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanamkasi