Kumngoja Kabeya

Jumapili jioni

Kanuni yetu ya baiskeli ni moja tu: mmoja akichoka mlimani, wote tunapunguza mwendo. Leo, tulipokuwa tukirudi kutoka bwawa la Nzilo, Kabeya alibaki nyuma, na kiongozi wetu Ilunga akaongeza kasi makusudi.

"Tata, tumungojee!" nikampazia Ilunga sauti.

"Ule ni mutu wa Kasai. Arudi kwabo," akajibu bila kugeuka.

Wote wakamfuata. Nikasimama peke yangu, nikiogopa. Mbele kulikuwa na barieri, kizuizi cha barabarani cha vijana wenye mapanga wanaowafukuza watu wa Kasai siku hizi, na Mkasai akipita hapo bila mwenzake...

Kabeya alifika akihema. "Enda, ndugu. Batakuona na mi."

Tulipita bega kwa bega, mimi nikiwa upande waliosimama vijana. Walitutazama tu.

Mlangoni kwake akaniambia kesho wanapanda treni ya kwenda Kasai, familia nzima. Leo alikuwa amekuja kuendesha nasi ili kutuaga.