Mkufu wa Bibi wa Chumba Kumi na Nne

Shoga, uko? Usipige simu, nalia, sitaweza kuongea.

Yule bibi mtalii wa chumba kumi na nne hapa hotelini, anayekuja kila mwaka, anayeniita mwanangu. Leo kaniita mwizi. Mimi!

Jana wakati nasafisha nilikuta kaacha mezani mkufu aliopewa na marehemu mumewe. Nikamwambia, "Bibi, siku hizi wageni wanaibiwa hapa ufukweni. Ufiche." Akauficha. Asubuhi hauonekani! Akamwambia meneja mbele yangu, "Ni huyu peke yake aliyejua nimeuficha. Yeye ndiye aliyeniambia."

Yeye ndiye aliyeniambia!! Yaani wema wangu ndio umekuwa ushahidi.

Walinzi wakanipekua palepale koridoni, wenzangu wanatazama. Mpaka viatu nimevuliwa, shoga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu, akificha kitu husahau mwenyewe alikokiweka. Nikaomba nitafute. Nikaukuta ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu kizito alichosafiria.

Bibi akanikumbatia huku analia. "Nisamehe mwanangu, nimezeeka." Nami nikamsamehe, haki ya Mungu, kwa moyo mweupe kabisa. Nikachukua ufagio nimalizie kazi.

Akasema anakwenda kunawa uso.

Shoga, miaka saba huyu bibi ananiachia mkoba wazi kitandani, anaoga huku anaimba.

Leo kaingia bafuni na mkoba wake. Na komeo nikalisikia.